Mjadala: Kumfundisha mtoto dhumna ni malezi, au ni kumfungulia mlango wa kamari?

Mleta hoja, Chikongola (Mtwara):
Wadau, binti yangu yuko darasa la pili na jioni tunacheza dhumna (domino), ule mchezo wa kupanga kete zenye nukta pande mbili, namba ikifuatana na namba ileile. Ni ile ndogo, kiboksi chake kinaenea mfukoni mwa shati. Wazee wa mtaa wamenikalisha chini: dhumna ni ya vijiweni, nami namtayarisha mtoto kuwa mcheza kamari. Napinga, na si mimi peke yangu ninayeambiwa hivi.

Dhumna ina kete 28, kuanzia tupu-tupu hadi sita-sita, na kila namba iko kwenye kete 7. Tukigawana saba saba, 14 zinabaki zimefunikwa. Nikilazimika kuokota kete katika hizo huku ncha za mstari zikiwa tatu na moja, binti anajua papo hapo kwamba sina tatu wala moja, na akipata nafasi ananirudisha hukohuko. Kete sita zenye tano zikishalala mezani na ya saba anayo yeye, anaitunza. Mwisho anajumlisha nukta nilizobaki nazo, na hakubali nimsaidie! Hesabu ya namna hii mtoto anaitafuta mwenyewe.

Mzee wa Mikindani:
Mwanangu, nakupinga. Nimeona vijana wakianza kwa soda, msimu wa korosho malipo yakitoka wakaweka noti. Kamari imekatazwa, soma Sura Al-Maida aya ya 90. Leo anacheza na wewe bure. Kesho atacheza na nani, na utamfuata kila kijiwe?

Mleta hoja:
Shikamoo mzee. Aya hiyo naiheshimu, kwangu hatuwekeani hata peremende. Lakini kilichokatazwa ni dau. Hata Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya 2003 inawazuia walio chini ya miaka 18 wasicheze kwa fedha; kete zenyewe haikuzigusa. Na bao je? Mashimo 32, kete 64, babu anacheza na mjukuu na watu wanasifia. Wenye kutaka kamari nalo huliwekea pesa.

Mama wa Mtanda (Lindi):
Mimi nina swali jingine. Mtoto huyu angekuwa wa kiume, wazee wangemkalisha babake chini? Wavulana wa darasa la pili wanasimama kijiweni wakitazama wakubwa mpaka magharibi na hakuna anayewafukuza. Wa kike anacheza na baba yake, macho ya watu yanaona, ndiyo imekuwa kesi ya mtaa.

Mwalimu, Lindi mjini:
Hoja ya hesabu naiunga mkono. Mpangie kete zote 28 mstari mmoja, namba kwa namba, kisha mwambie atazame ncha mbili: zitakuwa namba ileile, kila mara. Kila namba inatokea mara 8, kwa kuwa kete pacha, yenye namba moja pande zote mbili, inahesabiwa mara mbili, na katikati ya mstari namba zinakutana mbilimbili. Mwache atafute sababu mwenyewe, hata kama itamchukua wiki.

Ila baba, usimwachie ashinde makusudi, watoto wanajua. Na kama nyumbani kuna mdogo anayetambaa, kete ndogo hivyo zihesabiwe kabla ya kufunga kiboksi, zinamezwa.

Mzee wa Mikindani:
Mwalimu, hesabu sikatai, kuna mawe na vijiti vya kuhesabia. Na wewe mama, wa kiume nami ningemzuia vilevile, hao wa kijiweni walipaswa kufukuzwa zamani. Msimamo wangu ni kwamba mtoto asiguse dhumna mpaka awe na akili ya kukataa dau.

Mama wa Mtanda:
Na akili hiyo ya kukataa ataipata wapi, mzee, kama hajawahi kucheza na mtu asiyemwekea dau?