Re: Dokumenti yetu ya maswali, tuitie tarehe jamani

Salaam aleikum wapendwa, sisi Mombasa twashukuru, kusi imeanza na joto limepungua.

Naandika juu ya ile dokumenti yetu sisi Wakenya wa nyumbani na wa nje, ya maswali yanayoulizwa kila mara na majibu yake, maana wiki jana imenitia uchungu. Dada yetu mmoja wa Doha ana mtoto wa dadake hapa Kisauni ataka pasipoti, basi dada kafungua dokumenti yetu, kaona pasipoti ya kurasa 34 ni shilingi 4,550, akatuma pesa hizo hizo na nauli ya matatu. Kijana kaenda saiba (duka la intaneti) Mwembe Tayari, kajaza fomu ya eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, mpaka mwisho, kufika kwa malipo atakiwa kama 7,500. Mwenye saiba ataka kufunga, mamake mdogo wa Doha yuko kazini na simu haruhusiwi kushika, kijana kakaa tu pale na bahasha ya makaratasi mapajani. Hiyo 4,550 niliiandika mimi, na wakati ule ilikuwa kweli, bei ilipanda 2024. Lakini jibu halikuwa na tarehe, sasa msomaji atajuaje ni la juzi ama la miaka minne?

Kwa hivyo nimeanza kulipitia jibu moja moja. Chini ya kila jibu naweka mwezi, mwaka, na aliyehakikisha yuko mji gani. Na aliyehakikisha awe ni mtu aliyekwenda mwenyewe, hizi za "niliambiwa na rafiki" nazitoa.

Tena tuandike vile vitu vidogo vinavyomrudisha mtu nyumbani. Chukua cheti cha tabia njema cha polisi: jibu letu lilisema jaza kwenye intaneti, lipa 1,050, nenda ukachukuliwe alama za vidole. Ni sawa, lakini halikusema ile fomu ya alama za vidole, C24, yachapishwa mbele na nyuma kwenye karatasi MOJA. Jirani yangu kaenda na karatasi mbili, karudi na jua la saa saba kutafuta pa kuchapisha upya. Sentensi moja tu ingemwokoa.

Maswali pia tuyaache vile watu wanavyouliza. Hakuna anayetafuta "uingizaji wa magari", watu wauliza "naweza kuja na gari langu?" Na hapo majibu ni mawili ambayo wengi wayachanganya: gari lenyewe kukubaliwa (usukani kulia, umri usizidi miaka 8), na msamaha wa ushuru wa anayerudi kukaa nyumbani, huo una masharti yake. Nimeyatenganisha.

La mwisho, tafadhalini tumeni linki, msitume faili. Kuna kopi ya zamani yazunguka WhatsApp na ile siwezi kuirekebisha hata nikitaka. Huyu Eugene Miya wa NASA, ambaye watu wamtaja kwa kuanzisha miaka ya 80 mtindo huu wa kukusanya maswali yanayorudiwa na majibu yake, aliuanzisha kwenye kundi la barua pepe, na wageni hawaishi kuingia. Kwetu pia wageni hawaishi, basi linki itoke tena kila tarehe 1. Kuhariri tubaki watu watatu, mmoja hapa, mmoja Ghuba, mmoja Uingereza, wengine muandike maoni pembeni tu.

Aliyefanya upya pasipoti akiwa Muscat mwaka huu aniandikie hatua alizopita, hapo hatuna jibu kabisa.

---

Jibu, kutoka Leicester:

Aleikum salaam kaka, ahsante kwa kazi hii. Ya Uingereza naichukua mimi. Naanza na swali la uraia, maana bado kuna mzee hapa msikitini aamini akichukua pasipoti ya huku Ukenya umekwisha, na katiba ya 2010 imeruhusu uraia wa nchi mbili, na mzaliwa aliyeupoteza zamani aweza kuomba arudishiwe. Lakini ongeza na hili wengi hawalijui: ukipata uraia wa pili watakiwa utangaze ndani ya miezi mitatu. Pia naomba majibu ya zamani usiyafute, yawekee "imepitwa" na tarehe, mtu akikutana na ile kopi ya WhatsApp aone kilichobadilika ni nini.

---

Jibu, Mombasa:

Umesema kweli, nimeirudisha 4,550 na "imepitwa 2024" mbele yake. Kijana tulimchangia iliyopungua, kalipa Jumatatu, sasa angoja siku yake ya kwenda jengo la Uhuru na Kazi, kwenye ofisi ya uhamiaji, kupigwa picha na alama za vidole. Nimemwambia akitoka pale aniandikie kila karatasi aliyoulizwa.