Kupima taa ya dari: testa ya kalamu, bisibisi ya testa au mita?

Mpangaji wa Tegeta: Wakuu, nataka kubadilisha holda ya taa sebuleni, imeungua hadi imekuwa nyeusi. Fundi wa mtaani anatumia bisibisi ya testa, ile yenye kitaa ndani. Dukani wananishawishi nichukue ya kalamu, inayolia bila kugusa shaba. Kwa sisi tusio mafundi, ipi salama?

Nusu Fundi: Chukua kalamu. Kile kitaa cha bisibisi hakiwaki mpaka umeme kidogo upite mwilini mwako, ndiyo maana unaambiwa weka kidole kwenye kofia yake. Ukiwa juu ya ngazi ya mbao na ndala nene, kinafifia unadhani hamna moto. Mchana wa jua ndiyo hukioni kabisa.

Mama Kisauni: Mimi kalamu nayo ilinidanganya. Stima ilikuwako, yenyewe kimya, kumbe betri imekwisha. Siku hizi naanza na soketi ninayojua ina stima, ilie. Kisha napima taa. Kisha narudi kwa ile soketi, ilie tena. Isipolia mara ya pili, majibu ya taa siyaamini.

Fundi_Mwanjelwa: Mama kasema kweli. Niongeze: kalamu haisikii kupitia bati la taa wala bomba la chuma, ifikishe kwenye waya wenyewe. Taa za sola za volti 12 usihangaike nazo, kalamu inasikia AC tu, umeme kama huu wa nyumbani, siyo DC ya betri. Na ikilia, haikwambii kama ni volti 230 au ni umeme hewa wa waya jirani. Hapo ndipo mita ya mkononi ya kusoma volti inapotakiwa, unapima kati ya waya na waya: moto (unaoleta umeme) na nyutro (unaorudisha), moto na ethi (wa ardhini), nyutro na ethi. Shida ya mita, ncha lazima ziguse shaba, na mkono usiozoea ukiteleza ndani ya holda unapiga shoti. Mimi natembea na kalamu na mita. Ile bisibisi nafungulia skrubu.

Mpangaji wa Tegeta: Kwa hiyo nazima swichi ya ukutani, napima, nafungua?

Fundi_Mwanjelwa: Zima mein swichi! Ya ukutani inakata waya mmoja tu, na nimekuta nyumba kadhaa wamekata nyutro wakaacha moto. Taa inazimika vizuri, holda ina moto usiku na mchana. Hebu zima ya ukutani kwanza, sogeza kalamu kwenye holda bila kugusa kitu.

Mpangaji wa Tegeta: Taa imezimika, kalamu inalia kama king'ora. Nikizima mein inanyamaza. Kwenye eksitensheni nilipima kabla, ililia.

Fundi_Mwanjelwa: Yaweza kuwa nyutro ndiyo iliyokatwa, yaweza kuwa waya jirani. Mita itaamua. Usiifungue hiyo holda.

Mama Kisauni: Na ushuke ngazi, mwanangu.

Mpangaji wa Tegeta: Nimeshashuka, mama. Mein bado nimeizima na friji lina samaki. Fundi, nicheki PM.