Naomba ushauri: filamu ninayo, watazamaji sina

Wakuu habari zenu, nimetengeneza filamu ya dakika 70 kwa hela ya mfukoni, tumeshuti Tandale na Kigamboni, nimeiweka YouTube wiki ya tatu sasa walioangalia ni 212 na nusu nahisi ni ndugu zangu. Zile enzi za kupeleka DVD Kariakoo ndo zishapita. Juzi nikaionyesha kibanda umiza cha mtaani (vile vibanda vya kulipia kuangalia video na mpira), buku kwa kichwa, wakaja 34 wakacheka mpaka wanapiga mabenchi, kufika dakika ya 60 mechi ikaanza, naambiwa bro weka mpira 😂. Sasa nizunguke na vibanda au nikate vipande nirushe TikTok kwanza? Na nataka kutuma ZIFF, lile tamasha la filamu la Zanzibar, ila nasikia matamasha mengine hayataki filamu iliyokwisha kuwekwa mtandaoni, niitoe?