Mwanangu ana MAPUNYE, mbona mliniandikia Kilatini mkaniacha hewani?

Wakuu, nina hasira, nivumilieni.

Mwanangu wa darasa la pili alianza kunyonyoka nywele utosini. Kiraka kama sarafu ya mia mbili, magamba meupe, vinywele vimekatikia usawa wa ngozi. Nikapanda daladala toka Ujiji hadi kituo kimoja cha afya hapa Kigoma mjini. Foleni tangu saa moja asubuhi, tukaingia saa sita. Daktari akatazama kichwa, dakika mbili hazikufika, akaandika kwenye daftari.

"Samahani daktari, ana nini?"

"Tinea capitis, mama. Pita dirisha la dawa."

Ndiyo nini hiyo? "Tinea ya kichwani." Haya, kichwani nilishajua, ndiko nilikokuonyesha!

Dirishani dawa hakuna, kanunue nje. Dukani muuzaji kageuza daftari huku na huku, "fangasi tu hii dada," kanipa tyubu ya kupaka. Nikapaka wiki tatu asubuhi na jioni. Muwasho ukapungua, nikamshukuru Mungu. Kumbe kiraka kinatambaa, na mdogo wake naye kaanza kujikuna.

Aliyenifumbua macho ni bibi jirani, muuguzi mstaafu. Kaangalia mara moja tu: "We mwanangu, si mapunye haya?"

Mapunye! Neno ambalo hata huyo mtoto analijua, wanataniana nalo shuleni.

Bibi akavaa miwani akasoma daftari. Ilikuwa imeandikwa griseofulvin, vidonge vya KUMEZA, wiki nane. Fangasi wa mapunye wanaingia ndani ya unywele wenyewe mpaka kwenye shina, dawa ya kupaka haiwafikii. Vidonge vinamezwa pamoja na chakula chenye mafuta ili mwili uvinyonye vizuri (Kigoma hii, mawese tuyakose?). Ile tyubu nayo ilikuwa na steroidi, inayotuliza muwasho huku fangasi wakizidi kustawi. Tena watoto wasichangie kitana, kofia wala mashine ya kinyozi. Yote haya nayasikia kwa jirani, barazani, bure.

Halafu hiyo tinea yenyewe nimeambiwa kwa Kilatini ni mdudu, nondo anayetafuna nguo. Yaani hata wenye lugha yao walikosea, fangasi si mdudu! Ila mimi nikisema mapunye naonekana sijasoma.

Na maneno tunayo. Mwambie mtu ana upele, ataelewa, na nyumba nzima itapaka dawa siku moja. Mwandikie skebisi uone kama hatapaka peke yake, wenzake wakamwambukiza upya. Mkanda wa jeshi upo, mbalanga ipo, sunzua zipo. Shemeji yangu aliandikiwa onikomikosisi, hakulala siku mbili akijua ni saratani. Fangasi wa kucha, jamani!

Sisemi daktari aache Kilatini chake, daftari litasomwa na wenzake, sawa. Ila wewe unayefanya kazi kituoni na unasoma hapa, nijibu: kuongeza neno "mapunye" chini yake kunamaliza wino?

Mwenye kujua duka lenye hivyo vidonge hapa mjini aje inbox. Sasa wanameza wawili, na vimebaki vya siku nne.