Broadcast ya WhatsApp Business haiwafikii wateja wengi, tatizo ni nini?

MashukaKwaJumla
Wakuu, habari za kazi. Nauza mashuka Kariakoo, jumla na rejareja. Namba ya duka iko WhatsApp Business na kwenye broadcast (orodha ya kutuma ujumbe mmoja kwa wengi) nina wateja 240, wote nimewasevu. Nikituma picha za mzigo mpya, robo tu ndio wanapata tiki mbili. Wengine wanakaa na tiki moja hata siku tatu. Je, niwaweke wote kwenye grupu? Pia natafuta lodge na hoteli za kuwauzia: LinkedIn inasaidia au ni kumaliza bando?

Fundi_wa_Namba
Dada, wewe kuwasevu haitoshi. Broadcast inamfikia yule tu ambaye na yeye amesevu namba yako. Hakikisha hivi: chagua watano wenye tiki moja, kila mmoja mtumie salamu ya kawaida nje ya broadcast. Tiki mbili zikitokea, simu yake iko hewani, ila hajakusevu. Ishia kwa hao watano. Ukianza kunakili tangazo moja na kulituma kwa watu 180 mmoja mmoja, watakublock na kukuripoti, na namba itafungiwa. Vilevile usitumie zile WhatsApp za kupakua pembeni zinazoahidi kutuma kwa wengi. Hizo ndizo zinazofungiwa haraka zaidi.

Muda mzuri wa kumwomba mteja akusevu ni pale anaposubiri mzigo. Ukishaupeleka stendi, mtumie picha ya risiti ya basi, na chini yake uandike:

"Mzigo wako umetoka leo saa 12 jioni. Namba ya kifurushi iko kwenye risiti. Tafadhali sevu namba hii kwa jina Mashuka Kariakoo, ndipo utapata bei za mzigo mpya."

Kisha mtumie kadi ya mawasiliano ya duka ili abonyeze tu. Jina lianze na neno "Mashuka". Baada ya miezi sita hatakumbuka jina la duka, lakini akiandika "mash" kwenye simu utatokea.

Orodha moja inabeba watu 256, ila unaweza kuwa na orodha nyingi. Tenganisha jumla, rejareja na lodge. Mama aliyenunua seti moja hana haja na bei ya bela, yaani robota zima.

Mdau_Ilala
Kuhusu grupu, nakushauri usifanye. Ndani ya grupu kila mtu anaona namba za wenzake, hata ukiweka admini peke yake ndiye anayeandika. Muuzaji mwingine akiingia kimya kimya, jioni hiyo hiyo ana namba za wateja wako wote na anawafuata mmoja mmoja kwa bei ya chini. Halafu kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Namba ya simu ya mtu ni taarifa binafsi, kwa hiyo muombe ruhusa kabla ya kumuingiza popote.

Bora ufungue chaneli ya WhatsApp, kwa sababu wanaokufuata hawaonani namba. Katika kila tangazo weka linki ya kukuandikia: wa.me/255 halafu namba yako bila ile sifuri ya mwanzo na bila alama ya kujumlisha. Wengi wanaandika wa.me/07… na mteja akibonyeza haifunguki. Ijaribu linki kwa simu nyingine kabla ya kuibandika Instagram.

Shuka_7kwa8
Mimi naongelea tangazo lenyewe, maana hata likifika linaweza lisiuze. Achana na "bei inbox". Andika bei, andika na vipimo vya shuka, si vya kitanda peke yake. "Shuka la 6 kwa 6" linawachanganya watu. Chukua shuka la futi 7 kwa 8 kwenye kitanda cha 6 kwa 6. Upande wa futi 8 zinabaki inchi 12 kila pembeni. Upande wa futi 7 zinabaki inchi 6 tu. Godoro la inchi 8 halifunikiki upande huo, shuka linachomoka usiku na asubuhi mteja analirudisha. Kwa hiyo kabla hujapokea hela uliza: "Godoro lako lina unene wa inchi ngapi?" Swali hilo liweke kwenye majibu ya haraka, unabonyeza mkwaju tu linatokea.

Picha piga mchana karibu na mlango, bila flashi, tepu ikiwa imelala juu ya kitambaa. Flashi inabadilisha rangi, na ugomvi wa "siyo hii niliyoiona" unaanzia hapo.

Ugavi_Arusha
LinkedIn inategemea unamtafuta nani. Mwenye gesti ya vyumba 12 humkuti huko. Namba yake iko Google Maps, mpigie. Ila hoteli kubwa na kambi za watalii za Arusha na Zanzibar, wakuu wa usafi wa vyumba na maofisa ununuzi wapo. Tafuta kwa maneno "housekeeping" na "procurement" ukiongeza jina la mji. Anza na wasifu wako mwenyewe, ukurasa wa kampuni utafuata. Mstari ulio chini ya jina useme unauza nini na uko wapi. Omba kuunganishwa na watu wachache kwa siku, na usitume bei kabla hajakujibu.

Akijibu atataka proforma (ankara ya awali yenye bei), TIN, leseni ya biashara na risiti ya EFD, tena atataka sampuli. Hoteli nyingi zinataka pamba nyeupe, maua hawachukui. Fua seti moja mara tano kwa maji ya moto, ipime kabla na baada, umpe vipimo vyote viwili. Na usitoe mzigo bila LPO, yaani oda ya maandishi kutoka hotelini. Wengi wanalipa baada ya siku 30, kwa hiyo usimpelekee mzigo wa hela unayohitaji mwezi huu.

MashukaKwaJumla
Nimejaribu kwa watano, wanne wamepata tiki mbili. Kwa hiyo hawajanisevu. Kadi ya mawasiliano naitoa wapi?

Fundi_wa_Namba
Ndani ya chati yake bonyeza alama ya kuambatisha, pale pale unapochukulia picha, chagua mawasiliano, kisha namba ya duka. Kwanza isevu namba hiyo kwenye simu yako kwa jina lile lile, kwa sababu yeye ataipokea kama ulivyoiandika wewe.