Wapenzi wa ndani ya riwaya hawaingii akilini: alaumiwe mwandishi au biashara ya vipande?

Mleta mada, Mbeya: Riwaya inayozungumzwa ni ya mapenzi ya mjini, na mji wenyewe ni huu wetu. Dada anauza vitenge soko la Mwanjelwa, kaka ni meneja wa benki aliyehamishwa kutoka Dar. Ilianza kuuzwa kwenye simu kipande kwa kipande, sasa ni kitabu cha kurasa 212. Wengi wanasema wapenzi hawa hawaaminiki. Wengine wanamtetea mwandishi kwamba biashara ya vipande ndiyo iliyoharibu. Leteni hoja, matusi hapana.

Msomaji, Soweto ya Mbeya: Alaumiwe mwandishi. Toka wanakutana mpaka ndoa, meneja hapotezi chochote kwa ajili ya huyu dada. Hakosani na ndugu, hakatai uhamisho, haishiwi hata hela. Kila sura tunaambiwa "alimpenda kupita kiasi", ila kuonyeshwa ni sura ya tatu tu, pale anapokunja vitenge vibaya na dada anamfundisha upya. Hapo palikuwa na watu wawili. Kwingine ni suti na manukato. Fanyeni jaribio: funikeni majina kwenye mazungumzo yoyote, muone kama mtajua nani anasema. Muuza vitenge anaongea kama barua ya maombi ya kazi! Hakuna bei inayotajwa, wala mteja anayeomba apunguziwe.

Mhariri, Iringa: Jaribio zuri, dada yangu, ila tuangalie na mtambo unaozalisha simulizi hizi. Kipande cha kwenye simu kina maneno kama 800, na lazima kimwache msomaji na arosto, la sivyo kesho halipi. Vipande 40 vinadai mishtuko 40, na mshtuko rahisi kuliko yote ni wapenzi kugombana. Ndiyo maana hawa wanaachana mara sita, tano kati ya hizo kwa sababu ya simu iliyopokelewa na mtu mwingine au ujumbe uliosomwa nusu. Anayesoma kipande leo, kingine keshokutwa, haoni kasoro. Anayeshika kitabu na kukimaliza kwa siku mbili anaona watu wazima wasioweza kuulizana swali moja.

Kabla ya kuchapa ilitakiwa kufuta aya za kukumbusha yaliyopita, kuunganisha vipande vitatu au vinne kuwa sura moja, kisha kubakiza ugomvi ule tu ambao kila upande una haki. Na upo: dada hataki kuacha kizimba chake amfuate mume Dar. Umemalizwa kwa aya mbili kwa vile hauna mshtuko.

Mwalimu wa fasihi, Tukuyu: Mhusika bapa, yaani wa sifa moja asiyebadilika, si kosa, ngano zetu zimejaa bapa. Tatizo ni bapa wawili kubebeshwa riwaya nzima, wakati shoga wa kizimba cha jirani ndiye mviringo, mwenye sura nyingi kama mtu wa kweli: anakopesha, anadai, anaona wivu, anajuta. Halafu mandhari. Wanakumbatiana kwenye mvua kubwa mwezi Julai! Julai Mbeya ni kiangazi na baridi ya asubuhi, mvua tunazisubiri Novemba. Dada anatoka Mwanjelwa mpaka Uyole, kilomita kadhaa, kwa miguu, na viatu vya visigino, "dakika chache". Msomaji wa hapa akishakwama hapo, moyo wa meneja ataaminije?

Mchangiaji, Mafiati: Wasomi mnatuchosha. Mtu katoa buku yake apumzishe akili. Meneja mwenye hela asiye na kasoro ndiyo biashara yenyewe.

Msomaji, Soweto: Kaka wa Mafiati, utajiri abaki nao. Ila ampende huyu dada kwa kitu ambacho binti mwingine wa kitabuni hana. Sasa hivi ukimtoa ukaweka binti yeyote wa sokoni, kinachobadilika ni jina tu. Na mhariri, la vipande nimekuelewa, lakini aliyepeleka muswada kwa mchapaji ni mwandishi mwenyewe.

Mhariri, Iringa: Hapo sibishi. Na kama angepunguza kurasa, hata mfuko wa mwandishi ungepona. Kwenye uchapaji wa ofseti, ule wa mitambo mikubwa, karatasi kubwa mara nyingi hukunjwa kuwa fungu la kurasa 16, kwa hiyo 212 ni mafungu 13 na kurasa nne zinazoning'inia, nazo zinalipiwa. Akiondoa marudio na ule ugomvi wa simu, alenge 160, mafungu kumi kamili.