Dada anarudi kwa mume anayempiga: naye hana lawama?

Mdogo wa Kiboriloni
Shikamooni wakubwa zangu. Dada yangu ameolewa hapa Moshi na mumewe humpiga. Kila akipigwa hukimbilia kwa wazazi wetu, na kila mara mume hufuata na mshenga, hulia mbele ya baba, huleta kitenge kipya, na dada hurudi. Safari hii mama amemwambia kwamba anapenda mwenyewe kupigwa, na shangazi anauliza anamkera mumewe kwa nini. Nami nimeanza kuchoka. Je, hana sehemu yake ya lawama?

Mstaafu wa Ustawi, Arusha
Hana, mdogo wangu. Mwanasaikolojia wa Marekani, Lenore Walker, alieleza mwaka 1979 kwamba ukatili wa ndani ya ndoa mara nyingi huzunguka: hasira hujikusanya juu ya mambo madogo, kisha huja kipigo, kisha majuto na zawadi, na baada ya muda hasira huanza kujikusanya tena. Zipo nyumba ambazo majuto hayaonekani kabisa, lakini kwa ulivyosimulia, kitenge na machozi ni sehemu ya mzunguko huo. Dada yako humrudia yule mwanamume anayelia, akiamini kwamba huyo ndiye mumewe wa kweli. Kauli ya mama, ingawa najua imetoka kwenye uchungu, inamfaa mume kuliko mtu yeyote, kwa sababu siku atakapopigwa tena dada atasita kubisha hodi kwenu. Msimlazimishe pia kuondoka ghafla bila maandalizi, maana kipindi cha kuondoka mara nyingi ndicho chenye hatari kubwa zaidi.

Mzee wa Machame
Haya yote ni sawa, lakini ulimi wa mwanamke nao huchokoza. Vikao vya ukoo vimeponya ndoa nyingi.

Binti wa Njoro
Shikamoo mzee wangu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga, na haikuweka ubaguzi kwa wenye ulimi mkali. Kikao kinachoanza kwa kumuuliza aliyepigwa alisema nini kimekwisha kuamua kabla hakijasikiliza.

Mdogo wangu, dada aende Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, apewe PF3, yaani fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, na daktari aandike majeraha yangali mabichi. Kama anaogopa kutoka mikono mitupu, mweleze kwamba tangu hukumu ya Mahakama ya Rufani ya mwaka 1983, katika shauri la Bi. Hawa Mohamed, kazi za nyumbani huhesabiwa kuwa mchango katika mali ya ndoa.

Mdogo wa Kiboriloni
Asanteni. Baba amekubali kwamba mshenga akija tena, dada ndiye atakayesema kwanza, tena bila mumewe kuwapo. Mama bado amekasirika.